Kujengewa meno ya mbele bila kuchongwa: huduma niliyoipata Arusha

Nauza vitenge na khanga Arusha mjini, na biashara hii ni ya mdomo. Mteja anasimama mbele yangu, namfungulia doti, namsomea jina la khanga, namtajia bei, anashusha, napandisha, tunacheka, tunapatana. Kutwa nzima meno yako nje. Basi nikiisifia huduma ya kujengewa meno ya mbele, yasomeni kama maneno ya mtu ambaye meno yake yako kazini tangu asubuhi hadi jioni, na ambaye hatoi hela kabla ya kukishika kitu na kukigeuza upande wa pili.

Huduma yenyewe madaktari wanaiita bondingi. Daktari anachukua kitu laini cha kufinyangika chenye rangi ya jino, wao wanakiita kompoziti, anakigandisha juu ya jino lako mwenyewe, anakipa umbo, anakikausha kwa taa ya bluu, kisha anakipiga msasa mpaka king'ae. Jino lililomeguka kona linarudishiwa kona yake. Doa linafunikwa. Hakuna kung'oa, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Mimi nilifanyiwa mwaka jana kabla ya Pasaka, kwenye kliniki ndogo ya ghorofani hapa mjini. Daktari ni binti, kwa umri ni kama mdogo wangu wa mwisho, na aliniomba nisimtangaze. Jina naliacha. Kazi yake nitaieleza.

Kwanza mjue meno yangu yalikuwaje, maana bila hivyo mtadhani nilifuata urembo tu. Nilikulia Ngarenanyuki, kule nyuma ya Mlima Meru, na mtu wa kule akicheka huna haja ya kumwuliza alikozaliwa. Maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja ya maji ya kunywa, na kwenye mito na chemchemi nyingi za Arumeru kiwango hicho kinapitwa mara kadhaa. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya taya, gamba la juu la jino halikomai sawasawa. Jino linachomoza na weupe wa chaki, likiwa na vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na miaka inavyokwenda vile vitundu vinanyonya rangi hadi jino linakuwa kahawia. Magadi tunayolainishia makande nayo yana floraidi. Kuchemsha maji hakusaidii, kwa sababu maji yanapungua chunguni na floraidi inabaki palepale.

Nalisema hili kwa urefu kwa sababu linaniuma. Nimewasikia wasichana wa kwetu, wamesoma vizuri, wamekwenda kuomba kazi ya mapokezi hotelini, wakaambiwa wakapige mswaki kwanza. Mswaki hauhusiki. Unaweza kupiga mswaki mpaka ufizi uchubuke, na rangi iko ndani ya jino. Wengine wanasugua kwa ndimu na chumvi, wengine kwa majivu, wengine kwa mkaa uliosagwa. Ndimu ni asidi, inakula gamba la jino, na gamba hilo kwetu tayari lina udhaifu. Wenye watoto wadogo ningewashauri wahangaike na maji kabla ya kuhangaika na daktari. Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi, na njia wanayoifahamu sana ni ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Maji ya mvua nayo hayana shida hiyo. Mtoto akishavuka miaka minane hivi, meno yake ya mbele yameshajengeka, na kilichoingia kimeingia.

Meno yangu mimi si mabaya kupindukia. Mawili ya mbele juu yalikuwa na mkanda wa kahawia katikati, na manne ya pembeni yalikuwa na mabaka ya njano iliyopauka. Nilishaishi nayo. Nikicheka nilikuwa navuta pindo la khanga mdomoni, na sikuwa najiona tena kama nafanya hivyo. Kilichonipeleka kwa daktari ni kona. Mtoto wa mdogo wangu alikuwa amekaa mapajani pangu, akainuka ghafla, kisogo chake kikanipiga kidevuni, meno ya chini yakagonga ya juu, na kona ya jino la mbele la kushoto ikaruka. Maumivu yalikuwa ya muda mfupi. Lakini ulimi haukukaa mbali na ile kona, ilikuwa inauchuna, na nikisema "shilingi" upepo unapita. Mtu wa sokoni anasema "shilingi" mara ngapi kwa siku?

Kliniki ya kwanza niliyoingia ilikuwa kubwa, ina viti vizuri na runinga ukutani. Sitaitaja. Kabla sijakaa sawasawa nilishaonyeshwa picha za watu wenye meno meupe na kuambiwa, "Mama, tunakuwekea vinia sita, unatoka hapa mtu mwingine." Vinia ni gamba jembamba la kauri linalogandishwa juu ya jino. Bei ilikuwa shilingi 350,000 kwa jino moja, yaani milioni mbili na laki moja kwa yote sita. Nikauliza, na meno yangu mnayafanyaje? Nikajibiwa, tunayachonga kidogo tu. Kidogo kiasi gani? Hakuna aliyenionyesha. Meno manne ya pembeni yalikuwa mazima, yana mabaka tu, na gamba la jino likishachongwa halioti tena. Sisemi vinia ni kitu kibaya. Kuna watu wa kwetu ambao meno yao yameharibika hadi yanabanduka vipande, na kwao gamba la kauri ndiyo njia ya maana. Kwangu mimi ilikuwa kukatiwa gora zima wakati nilihitaji kiraka cha kiganja. Nikashukuru, nikaondoka.

Hii ya pili nilielekezwa na mteja wangu. Ngazi nyembamba, chumba cha kusubiria cha viti vichache, feni moja. Daktari alitoka mwenyewe kunipokea. "Shikamoo mama." Nikamjibu marahaba, akaniingiza, akanipa kioo cha mkononi nikishike mimi. Hilo tu lilinitofautishia. Kabla hajaniambia nipanue mdomo aliuliza nafanya kazi gani, napenda kula nini, na katika meno yangu ni kipi hasa kinachonisumbua. Nikamwambia: kona, na ule mkanda wa kahawia kwenye mawili ya mbele.

"Na mwanya, mama? Tuuzibe au tuuache?"

"Mwanya usiuguse kabisa."

Akacheka, akaandika kwenye faili. Nataka nilisemee hili kidogo. Nina mwanya katikati ya meno ya juu, nimeurithi kwa bibi mzaa mama, na katika maisha yangu hakuna kitu kilichosifiwa mdomoni mwangu isipokuwa huo. Hapa kwetu na huko pwani mwanya ni uzuri. Bondingi inaweza kuuziba kwa urahisi, daktari anaongeza kidogo pembeni mwa jino hili na kidogo pembeni mwa lile, na wapo wanaolipia hivyo wakafurahi. Ni haki yao. Ila nimesikia za watu waliolala kwenye kiti wakaamka mwanya umezibwa kwa sababu daktari alidhani kila mtu anauona kuwa kasoro. Huyu aliuliza. Na alipokuwa akilijenga lile jino lililomeguka alipima upana wa mwanya kwa kifaa chake, ili kona mpya isiupunguze.

Siku hiyo hakunijenga chochote. Alipiga eksirei ya lile jino, akaligonga taratibu kwa mpini wa kioo, akaweka pamba yenye baridi kuona kama mshipa wa ndani bado uko hai. Uko hai. Kisha akaniambia ufizi wangu unatoka damu ukiguswa, na kwamba damu na mate ni maadui wa gundi: hata tone moja likiingia wakati wa kugandisha, kazi inabanduka. Kwa hiyo nisafishwe kwanza, ufizi upone, ndipo nirudi. Mfanyabiashara anayekataa kuchukua hela leo kwa sababu bidhaa haitadumu, huyo mimi namwelewa haraka sana.

Niliporudi tulianza na rangi, na hapa ndipo nilipomkubali. Alizima taa kubwa ya kiti, akanisogeza dirishani, akatoa safu ya vimeno vya mfano, kila kimoja na namba yake, A1, A2, A3 na kuendelea, akawa anavisogeza kimoja kimoja karibu na meno yangu. Mimi hii kazi ninaifanya kila siku. Kitenge ukikitazama chini ya taa ya dukani si kile utakachokiona mlangoni kwenye jua, na mteja mjanja lazima atoke nacho nje. Akanieleza jambo ambalo sikulijua: rangi lazima ichaguliwe mwanzoni kabisa, jino likiwa bado na mate, kwa sababu jino likikauka linapauka na kuonekana jeupe kuliko lilivyo. Anayechagua rangi mwishoni, mdomo ukiwa umekaa wazi muda mrefu, anachagua rangi ya uongo. Kesho yake jino lako linarudi kwenye rangi yake na kiraka kinabaki cheupe peke yake.

Nilimwomba aninyanyulie weupe kidogo. Akakataa kwa adabu: "Mama, nikikuwekea A1 katikati ya meno ya A3, watu hawataona tabasamu, wataona meno mawili." Akasema kama nataka yote yawe meupe zaidi, tuyang'arishe kwanza kwa dawa, tusubiri kama wiki mbili, ndipo ajenge. Kusubiri huko kuna sababu. Dawa ya kung'arisha inaacha oksijeni ndani ya jino, na gundi haishiki vizuri mpaka hiyo oksijeni itoke. Na kompoziti yenyewe haing'arishwi. Ukishaijenga, rangi yake ndiyo hiyo. Anayetaka vyote viwili lazima aanze na weupe. Mimi nikachagua kubaki na rangi yangu.

Yale manne ya pembeni hakuyajenga. Aliyasugua kwa mchanganyiko wa asidi na unga laini wa kusagia, kwa kifaa kinachozunguka polepole, akisugua, akisuuza, akitazama, akisugua tena. Njia hiyo inaondoa tabaka jembamba sana la juu, na doa lililokaa juu juu linaondoka nalo. Mabaka mengi yalitoka. Machache yana kina na yalibaki, yamefifia tu. Alinionyesha kwenye kioo na kusema hapa nasimama, nikiendelea nitakuwa nakula jino lako. Wengine mngesema amebakisha kazi. Mimi nilimheshimu kwa kusimama.

Kisha meno mawili ya mbele. Alinivisha kitambaa cha mpira mdomoni chenye matundu, meno yakachungulia nje na mdomo wote ukabaki nyuma ya kile kitambaa. Mwanzoni unahisi kama hutaweza kupumua. Unaweza, kwa pua. Wenye mafua wasubiri wapone. Baada ya dakika chache nilikizoea, na faida yake ni kwamba mate hayafiki, na maji na asidi haviendi kooni.

Akapaka asidi ya rangi ya bluu juu ya jino. Haiumi, haichomi. Ni asidi ya fosforiki, na kazi yake ni kuchimba vitundu vidogo mno kwenye gamba la jino ili gundi iingie ndani na kushika. Jambo hili si geni: mwaka 1955 daktari wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, ndiye aliyeonyesha kwamba gamba la jino likipakwa asidi hiyo linashikana na plastiki vizuri zaidi. Mwaka 1962 Mmarekani mwingine, Rafael Bowen, akapata hataza ya ule utomvu ambao kompoziti za leo zimetokana nao. Kwa hiyo mtu akikuambia ni teknolojia mpya ya majaribio, mjibu kwamba ina umri wa wazee wetu.

Kwa sisi watu wa floraidi kuna nyongeza, na ni muhimu kila anayetoka Arumeru, Hai au kwingine kwenye maji kama hayo aisikie. Gamba la jino lililoathirika na floraidi ni gumu kuliwa na asidi. Ukilipaka muda uleule unaompaka mtu aliyekulia kwenye maji mazuri, vitundu havichimbiki vya kutosha, na baada ya muda kiraka kinaruka. Daktari wangu alikwaruza kwanza uso wa jino kwa wepesi, kisha akaiacha asidi ikae zaidi kuliko kawaida. Nilimwuliza baadaye amejulia wapi. Akasema kwa mkoa huu huwezi kufanya kazi hii bila kujua hilo. Nadhani ndiyo maana ya kumtafuta daktari aliyezoea meno ya watu wa mahali, hata kama kliniki yake haina runinga.

Baada ya asidi alisuuza, akakausha, na jino likawa na weupe wa chaki. Akapaka gundi kwa kiburashi, akaipuliza ikatandaa, akawasha taa. Taa ni ya bluu kali. Wao wanaitazama kupitia ngao ya rangi ya chungwa, na mimi nilivishwa miwani ya rangi hiyohiyo. Halafu ndipo kompoziti. Alianza na tabaka zito lisilopitisha mwanga, ili ule mkanda wa kahawia usichungulie, juu yake tabaka la rangi yangu, na mwisho kabisa kwenye ncha tabaka lenye uangavu, kwa sababu ncha ya jino la kweli haina rangi nzito, inapitisha mwanga kidogo. Kila tabaka jembamba, lisizidi milimita mbili, kisha taa kwa sekunde ishirini hivi. Ukirundika kwa mkupuo mmoja mwanga haufiki chini, juu panakauka na ndani panabaki pabichi. Kati ya jino na jino aliweka ukanda wa plastiki ya kuona ili yasigandane.

Katikati ya kazi umeme ukakatika. Taa ya bluu ina betri yake, ikaendelea, lakini mashine ya kupuliza hewa ikasimama na tukakaa kimya tukisubiri jenereta ya chini iwashwe. Mdomo wazi, mpira mdomoni. Daktari alinishika bega na kuniambia kila anachofanya. Ningependa wawe na akiba ya umeme humo humo ndani. Hii ni Arusha, umeme unajulikana.

Kumalizia ndiko kulikochukua muda mrefu kuliko yote, na sasa naona ndiko kunakotofautisha fundi na fundi. Alichonga ile kona ifanane na ya jirani yake, akapiga visahani vya msasa, kikali kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, mpaka jino likang'aa likiwa na mate na likiwa kavu. Akaning'atisha karatasi nyembamba yenye rangi ili aone meno ya chini yanagusa wapi, akapunguza pale palipogusa kwa nguvu. Akaniambia nihesabu kwa sauti, sitini na sita, sabini na saba. Upepo haukupita. Nikasema "shilingi elfu kumi na sita" kwa hiari yangu mwenyewe, na wote chumbani wakacheka.

Kwenye kioo niliona meno yangu. Sikuona meno ya mtu wa kwenye matangazo, niliona yangu, na kona yake, na mwanya wake, bila ule mkanda. Jioni ile wateja wa kila siku hawakugundua kitu, isipokuwa mmoja aliyeniambia nimependeza na hakujua ni wapi. Kwangu hiyo ndiyo alama ya kazi nzuri, kama kiraka cha fundi cherehani anayejua kufuata maua ya kitambaa.

Sasa nieleze inavyoishi. Nyama choma naila, ila ya kwenye mfupa naikata kwa kisu na kutafuna kwa magego. Muwa naukata vipande. Daktari aliposikia nauza vitambaa swali lake la kwanza lilikuwa kama nakata uzi kwa meno, na ndiyo, kila muuza vitambaa anakata uzi kwa meno. Akanipiga marufuku. Nina mkasi mdogo umening'inia shingoni kwa utepe, na sasa siuachi. Kufungua soda, kung'oa kifuniko cha kalamu, kung'ata kucha, vyote hivyo vinameng'enya ncha. Anayesaga meno usiku asiende mpaka awe na kinga ya kulalia. Jirani yangu wa meza alikwenda baada yangu, daktari akaona meno yake yamelika kwa kusaga, akamwambia tengeneza kinga kwanza. Jirani alinuna, lakini daktari alikuwa na haki.

Chai ndiyo shida. Chai ya rangi, kahawa, binzari ya pilau, vyote vinaacha rangi kwenye kompoziti kuliko kwenye jino lenyewe. Siku mbili za kwanza niliambiwa nijizuie kabisa, na baada ya hapo nisuuze mdomo kwa maji kila nikinywa. Nasuuza. Hata hivyo baada ya miezi kadhaa nikaona mstari mwembamba wa kahawia pale kompoziti inapokutana na jino karibu na ufizi. Nikarudi, akaupiga msasa ukatoka, lakini nikatozwa shilingi 20,000 ambazo hakuna aliyenitajia mwanzoni. Hela si nyingi. Ila mtu anapolipia kitu aambiwe gharama ya kukitunza siku ileile anayokinunua, na nilimwambia daktari hivyo usoni. Akakubali kuiandika kwenye karatasi ya bei ukutani. Nilipopita majuzi nikaikuta imeandikwa.

Malalamiko mengine ni haya. Miadi ya saa tatu ilikuwa saa tano kasoro, na hawakupiga simu. Na ubavuni mwa jino la kushoto kulibaki ukwaru mdogo uliokuwa unanasa uzi wa kusafishia meno na kuuchana. Huo niliporudi nao aliulainisha palepale bila kutoza kitu, na akaniomba radhi bila kutafuta visingizio.

Kuhusu kudumu, hakunidanganya. Aliniambia nihesabu miaka mitano hivi, wengine inakwenda zaidi, wengine pungufu, na kwamba ikimeguka hairudiwi yote, inaongezewa palipopungua. Vinia za kauri zinadumu zaidi na hazishiki rangi ya chai. Huo ni ukweli na anayepima apime. Lakini kompoziti ikichoka inaondolewa na jino langu liko chini yake karibu lilivyokuwa, na siku nikipata hela na nia ya kauri, njia iko wazi. Aliyeanza kwa kuchonga hana njia ya kurudi.

Haimfai kila mtu. Jino lililovunjika nusu linahitaji kofia, yaani kifuniko cha kulivika lote. Jino lililokufa mshipa likawa jeusi linahitaji matibabu ya ndani kwanza. Mwenye matundu ayazibe, mwenye ufizi unaovuja damu autibu. Na kwa meno ya floraidi yaliyobanduka gamba lote, daktari aliniambia waziwazi kwamba yeye hayajengi kwa bondingi, kwa sababu hakuna gamba la kushikilia.

Niliyolipa ni haya: kuonwa 10,000, eksirei 15,000, kusafishwa 50,000, kusuguliwa madoa meno manne 60,000, na kujengwa meno mawili 90,000 kila moja. Jumla shilingi 315,000, nikalipa kwa simu kwa awamu mbili, nusu kabla na nusu baada, na risiti nikapewa zote mbili. Bima yangu haikugusa hata senti ya kujenga, wanaihesabu kuwa urembo. Kwangu ilikuwa faida ya miezi mingi ya vitenge, na ningeilipa tena.

Ukienda kwa daktari yeyote kwa kazi hii, muulize atachonga kiasi gani cha jino lako, atachagua rangi saa ngapi, kama amezoea meno ya floraidi, na kurudi kupigwa msasa ni bei gani. Akijibu yote bila kukasirika, kaa kwenye kiti. Nenda asubuhi katikati ya wiki, foleni ni fupi. Kula kabla, maana utakaa mdomo wazi muda mrefu, na paka mafuta midomoni, la sivyo itapasuka pembeni kabla daktari hajafika kwenye msasa laini.